Moja zaidi, moja pungufu: tusiwakimbize watoto kwenye daftari

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wazazi na walimu wa nasari na wa darasa la kwanza kuhusu jambo dogo ambalo likirukwa mapema, mtoto huhangaika nalo miaka. Ni mtoto kujua, bila kuanza kuhesabu upya, nambari iliyozidi nyingine kwa moja na iliyopungua kwa moja.

Katika shule nyingi hapa Uganda mtoto wa nasari husifiwa akiweza kuimba kutoka moja hadi mia. Mzazi akija mkutanoni huonyeshwa daftari lililojaa hesabu za kujumlisha na kutoa, tiki nyekundu kila mstari. Basi muulize mtoto huyohuyo: "Kabla ya nane inakuja ngapi?" Ataanza moja, mbili, tatu, na mara nyingi ataipita saba bila kujua kwamba ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Wimbo anao, nambari bado. Mfuatano umekaa kichwani mwake kama mnyororo usio na kiungo cha kufungua, na kila akiuhitaji hana budi kuushika kutoka mwanzo.

Hasara yake huonekana kwenye 8 + 3. Mtoto wa namna hiyo huchora vistari vinane, kisha vitatu, kisha huhesabu vyote kuanzia kimoja. Mwenzake anayeijua moja zaidi husema nane, halafu tisa, kumi, kumi na moja, amemaliza. Akishajua kwamba 5 na 5 ni 10, hata 5 na 6 haimsumbui, maana ni moja zaidi tu. Mtaala wa mada wa shule za msingi hapa Uganda, uliotumika tangu mwaka 2007, umetenga madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, na darasa la nne ndilo la kuvuka kwenda Kiingereza. Mtoto anayefika huko bado anahesabu vistari anabebeshwa mizigo miwili kwa pamoja, lugha ngeni na nambari asizozimudu. Kazi hii ifanywe kabla.

Kabla ya kufundisha moja zaidi, hakikisha mtoto anajua nambari ni idadi. Weka vifuniko kama kumi na viwili mbele yake, umwambie: "Nipe vitatu." Karen Wynn, mtafiti aliyelichunguza jambo hili, alionyesha mwaka 1990 kwamba watoto wengi wadogo wanaohesabu vizuri kwa mdomo, wakiombwa hivyo, huchota konzi tu na kukupa. Jaribio la pili ni jepesi zaidi: mtoto ahesabu vifuniko vitano, kisha umuulize, "Kwa hiyo viko vingapi?" Akianza kuvihesabu tena badala ya kusema vitano, bado hajaelewa kwamba neno la mwisho ndilo linalotaja idadi yote. Huyo arudishwe kwenye "nipe viwili", "nipe vinne", kila siku, mpaka akome kuchota. Ukimrukisha, yote tunayoeleza hapa chini yatakuwa bure kwake.

Akiwa tayari, chukua kopo la bati na vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Vile vya soda vya bati vina meno makali yanayokata vidole. Maharagwe nayo yaachwe hadi mtoto akue, kwa sababu wa miaka mitatu au minne huyasokomeza puani na masikioni. Mtoto atumbukize vifuniko vinne koponi kimoja kimoja akihesabu. Muulize viko vingapi. Akisema vinne, funika kopo kwa kitambaa. Akiwa anatazama, inua ukingo wa kitambaa udondoshe kimoja zaidi, akisikie kikigonga bati. "Sasa mna vingapi?"

Usifunue. Kitambaa ndicho kinachofundisha. Vifuniko vikiwa wazi mtoto atavigusa na kuvihesabu upya, na hatakuwa na haja ya kufikiri kwamba baada ya vinne huja vitano. Akikwama, usimwanzishie "moja, mbili". Mwambie, "Vilikuwa vinne, nimeongeza kimoja," kisha nyamaza. Walimu wengi tunashindwa kunyamaza. Tunauliza na kujibu wenyewe kabla mtoto hajavuta pumzi. Akishajibu, afunue ahakikishe mwenyewe. Halafu kitoe kile kile kimoja mbele ya macho yake: "Nimekitoa. Sasa?" Kwenda na kurudi hivyo, nne, tano, nne, humwonyesha kwamba zaidi na pungufu ni njia moja inayopitwa pande mbili.

Anza na idadi isiyozidi tatu, kisha tano, kisha kumi. Wala usiulize kwa kufuata mpangilio. Ukiuliza tatu, halafu nne, halafu tano, mtoto atajibu yote sawasawa kwa kuendeleza wimbo tu, nawe utadhani ameelewa. Ruka: nne, mbili, saba, tatu. Badilisha na vitu pia, leo vifuniko, kesho vijiti, kesho kutwa vijiwe. Sarafu tu ndizo zisitumike mapema. Mtoto akiongezewa sarafu ya 500 juu ya mbili za 100 ataambiwa moja zaidi ni tatu, ilhali kila siku anaona dukani kwamba pesa zimepanda kuliko hivyo.

Chombo cha pili kinapatikana bure kwa kila muuza chapati na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai): trei ya mayai. Trei ya mayai 30 ina safu sita za vishimo vitano. Ikate kwa mkasi vipande vitatu, kila kimoja kikiwa na safu mbili, na utapata vipande vya vishimo kumi kumi. Trei kumi zinatosha watoto 30. Sheria ni moja nayo ishikwe kwa ukali: safu ya juu ijazwe kwanza kutoka kushoto, ndipo ya chini ianze. Hapo sita huonekana bila kuhesabiwa, safu nzima na kimoja. Tisa ni trei yenye kishimo kimoja kitupu. Ukisema "toa kimoja", mtoto anaona saba inavyogeuka sita na jicho lake linakumbuka. Ukiwaacha waweke ovyo, huku kimoja kule kimoja, sura ya nambari hupotea na mtoto hurudi kuhesabu kwa kidole.

Kwa wanaofika kumi, jengeni ngazi. Chora sakafuni kwa chaki safu za miraba sawa, mtoto apange kifuniko kimoja, kando yake viwili, kisha vitatu, hadi kumi. Vifuniko vinavyohitajika ni 55 kwa ngazi moja, kwa hiyo wafanye kwa vikundi. Miraba ni ya lazima. Bila miraba safu ya vifuniko sita vilivyoachana huwa ndefu kuliko ya saba vilivyobanana, na mtoto mdogo huamini urefu kuliko hesabu yake mwenyewe. Ngazi ikikamilika, mwambie mmoja afumbe macho, ondoa safu mojawapo, aseme ni ipi iliyotoweka na amejuaje. Jibu tunalotafuta ni la namna hii: "Ni ya saba, kwa sababu inazidi hii ya sita kwa moja na imepungua kwa moja kuliko ile ya nane."

Sasa tuje kwenye pungufu, ambako ndiko watoto wengi wanakwama. Sababu haifichiki: tunawaimbisha kwenda mbele kila asubuhi na kurudi nyuma karibu kamwe. Dawa yake ni mazoezi mafupi ya kila siku ya kuhesabu kurudi, kwanza kutoka tano, baadaye kumi, na baadaye zaidi kuanzia popote, nane au sita. Kabla ya kutoka kwenda mapumziko, kabla ya kunawa mikono, wahesabu kurudi. Dakika moja inatosha.

Makosa yake yana sura tofauti, na kila moja lina chanzo chake. Ukiuliza, "Moja pungufu ya sita ni ngapi?" mmoja atajibu saba: ulimi umeelekea kule ulikozoea. Huyo anahitaji kuhesabu kurudi. Wa pili atajibu moja, kwa kuwa amelishika neno la kwanza la swali lako. Huyu hajaelewa swali, kwa hiyo rudi koponi naye, utende huku ukisema. Wa tatu atainua kidole akisema "sita" na kukujibu sita, kwa maana ameihesabu ile aliyoanzia. Ukiwawekea wote alama ya mkasi bila kuwasikiliza, hutajua yupi anataka nini.

Huyo wa tatu hutibiwa nje uwanjani. Chora visanduku kumi kwenye mstari, kila kimoja upana wa hatua ya mtoto, uandike 1 hadi 10. Mtoto asimame kwenye 6 na kuitaja. Asihesabu kitu akiwa amesimama. Hesabu ni mruko, si kisanduku alimo. "Moja pungufu": aruke kurudi, atue kwenye 5, ataje. Kabla ya kuruka aseme atatua wapi, maana asipotabiri anacheza tu. Mwalimu naye asimame upande ule ule wa watoto akitazama wanakotazama. Akisimama kuwaelekea, mbele yake huwa nyuma yao, na darasa zima huchanganyikiwa kwa kosa lisilo lao.

Maneno ya swali yanahitaji uangalifu. "Weka sita, ongeza moja, ni ngapi?" ni rahisi, kwa kuwa kuna tendo. "Ni nambari gani iliyo moja zaidi ya sita?" ni gumu zaidi, maana hakuna kinachotendeka. "Okello ana maembe sita, Nakato ana moja zaidi ya Okello, Nakato ana mangapi?" ndilo gumu kuliko yote, na wengi hujibu moja. Yafundishwe kwa mpangilio huo, wiki kadhaa katikati. Ajihadhari pia anayeuliza kwa haraka "zaidi ya moja" akidhani amesema "moja zaidi". Mtoto makini atamjibu mbili, tatu au mia, na atakuwa sahihi.

Kwa wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya pili, na hapa kwetu ndio wengi, liko jambo la upatanisho. Vifuniko huhesabiwa kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, halafu ghafla sita na saba bila kiambishi, kisha vinane, halafu tisa na kumi. Mtoto aliyezoea mbili na nane huenda asitambue kwamba viwili na vinane ni zile zile. Siku za mwanzo wahesabu kwa moja, mbili, tatu huku wakigusa, na mwisho ndipo mwalimu aseme, "Naam, vifuniko vitano." Watazoea. Baraza la mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, kwa hiyo jambo hili halipaswi kuachwa lijitatue lenyewe.

Darasa likiwa na watoto 80, wote wakiitikia kwa pamoja "Sabaaa!", mwalimu hajajua lolote. Ishirini wanajua, wengine wanafuata midomo yao. Watumie vidole: "Vidole kifuani. Moja zaidi ya sita... onyesha!" Wote waonyeshe kwa ishara moja, mikono ikiwa karibu na kifua ili jirani asiibe jibu. Ukipitisha macho safu kwa safu utawaona wanaosita na wanaogeuka kutazama wenzao. Andika majina matano, ukae nao na kopo wakati wengine wanachora. Kesho watano wengine. Na tafadhali, tuache kuwachapa watoto vidole kwa kuvihesabia. Vidole ni trei ya kumi waliyozaliwa nayo, na wataviacha wenyewe vikishamaliza kazi.

Sifuri isicheleweshwe sana. Kopo lenye kimoja, toa kimoja, tikisa: kimya. "Hakuna" ndilo jibu la kwanza, kisha jina sifuri, kisha alama yake 0.

Kazi kubwa ya darasa la kwanza na la pili ni kuvuka makumi. Baada ya ishirini na tisa watoto wengi husema "ishirini na kumi". Wasichekwe, kwa kuwa wamefuata kanuni waliyoiona na imewaangusha penye mlango. Ishirini, thelathini na arobaini hazifanani kwa sauti na mbili, tatu na nne, kwa hiyo mtoto hana pa kujishikiza isipokuwa azishike mkononi. Tafuta vijiti, vikifika kumi vifungwe fungu kwa uzi wa mgomba au rababendi. Mtoto awe na mafungu mawili na vijiti tisa. Ongeza kimoja: vilivyo huru vimefika kumi, vifungwe. Sasa ana mafungu matatu na hakuna kilicho huru, na hiyo ndiyo thelathini.

Kurudi ndiko kugumu. Mpe mafungu matatu, umwambie, "Toa kijiti kimoja." Wengi huondoa fungu zima na kusema ishirini. Mwache aliangalie alilolitoa, umuulize ni vijiti vingapi. Atafungua fungu, atoe kimoja, na atabaki na mafungu mawili na vijiti tisa vimelala mezani. Asipofungua fungu kwa mikono yake mara nyingi, atakapokutana na kukopa katika hesabu za kutoa ataandika vitarakimu vidogo juu ya vingine asijue vimetoka wapi. Jedwali la mia ukutani nalo lina mtego wake. Mtoto akifika 40 mwisho wa mstari hudhani nambari zimekwisha, au hushuka moja kwa moja hadi 50 iliyo chini yake. Likate mistari, uiunganishe iwe ukanda mmoja mrefu kuta mbili za darasa, na jedwali lirudi baadaye.

Tarakimu na alama za + na − zije mwisho wa yote haya. Mtoto aliyeondoa kifuniko mara nyingi ataiona 7 − 1 na kujua inasema nini. Mzazi anayedai daftari lijae muhula wa kwanza anamnyima mwanawe hatua zote zilizotangulia, na shule inayomridhisha mzazi huyo inajua inachofanya.

Nyumbani hakuhitajiki vifaa. Anayepanga sahani aambiwe: "Tuko watano, shangazi amefika, sahani ngapi?" Kwenye jerikani zilizopangwa bombani: "Moja imejaa tumeiondoa, zimebaki ngapi?" Na pale wazee wanapocheza mweso, aina ya bao, mtoto akae karibu. Ubao wake una mashimo 32 na kete 64, na mchezaji anaposambaza kete, kila shimo analopita hupata moja zaidi. Muulize kabla kete haijadondoka: "Hapo zipo tatu, zitakuwa ngapi?" Dakika kumi kwa siku, kwa mtoto wa miaka mitano au sita, zinatosha.

Kwako Mhariri, ombi letu ni hili. Ukurasa wako wa watoto uchape ukanda wa nambari 1 hadi 20, ulale upana wa ukurasa kwa vipande viwili vya kukata na kugundisha, visanduku vyote vikiwa na upana sawa. Pembeni yake ziwepo trei mbili za vishimo kumi, tupu, ili mtoto apange vifuniko juu ya karatasi. Usichape majibu. Gazeti moja likibandikwa kwenye kadibodi kwa gundi ya unga wa muhogo litatumika muhula mzima, na shule isiyo na pesa za vifaa itakuwa nacho cha kuanzia.

Walimu wa madarasa ya mwanzo,
Busia, Uganda